Fukuto la Saa Mbili Usiku

Mwezi wa Septemba, jua likishatua juu ya Doha, vioo vya maduka ya The Pearl huanza kutoa jasho. Ndani mna ubaridi wa mashine, nje mna pumzi ya bahari, na baina ya viwili hivyo kioo hulowa mpaka maji yakachuruzika kwenye marumaru. Wakazi wa minara ya Porto Arabia hushuka garini na kuingia ukumbini kwa hatua kumi au kumi na mbili. Katika hatua hizo anayevaa miwani hupofuka kwa ukungu kwa muda mfupi, kisha mlango hujifunga nyuma yake. Anayebaki nje ni mlinzi wa lango la maegesho, ambaye zamu yake ni ya masaa 12.

Mlinzi mmoja wa lango hilo ni kijana wa Kilifi, Kenya, aliyekaribia miaka 30. Katika mnara anaoulinda hukaa familia ya asili ya Unguja. Baba ni mhandisi wa gesi, na binti yao ana miaka 16. Kiswahili cha binti huyo ni cha nyumbani, cha jikoni na cha likizo, lakini salamu zake hazina kasoro. Kila apitapo husema, "Shikamoo, kaka," na mlinzi hujibu, "Marahaba, mdogo wangu." Kwa muda mrefu mazungumzo yao hayakuvuka hapo.

Yalivuka kwa sababu ya kazi ya shule. Wanafunzi walikuwa wametakiwa kutafuta tatizo moja la afya na kulitafutia ufumbuzi kwa kompyuta. Zoezi la namna hii limeenea sana siku hizi, tangu Doha hadi Nairobi, na nia yake ni njema: kijana ajifunze kuandika programu huku akifikiri juu ya jambo lenye uzito. Wenzake walichagua kuhesabu usingizi, hatua na sukari ya vinywaji. Binti alichagua programu ya simu ya kuwakumbusha watu kunywa maji. Alipokwisha kuichora aliamua kuijaribu kwa mtu mmoja asiye wa nyumbani, akashuka na kompyuta yake mpakato hadi langoni.

Mlinzi alitazama picha ya glasi inayojaa na kupungua. Alicheka, lakini si kwa dharau.

"Mdogo wangu, mimi sina haja ya kukumbushwa kiu. Kiu hunikumbusha yenyewe. Maji yako kule, na lango liko hapa."

Kisha akatoa katika mfuko wa suruali daftari dogo la mraba, kama lile watoto wa shule wanalofanyia hesabu.

Kurasa zake zilikuwa zimepigwa mistari kwa kalamu, safu tano: tarehe, saa, hali ya hewa, maji, mwili. Aliianza kazi hiyo mwezi wa Juni, baada ya mwenzake wa chumba kimoja kule kambini kuanguka kazini, kupelekwa hospitali, kuambiwa kwamba figo zake zimeumia, na hatimaye kurejea Kenya. Habari ya figo si ngeni katika nchi za Ghuba. Madaktari wa Nepal, nchi iliyotoa wafanyakazi wengi kwa ujenzi wa Qatar, wamekuwa wakieleza juu ya vijana wanaorudi kutoka Ghuba wakiwa na figo zilizochoka kabla ya wakati. Wazo la daftari, hata hivyo, hakulipata kwa daktari yeyote. Lilitoka kwa mama yake, ambaye ni mmoja wa wahudumu wa afya ya jamii kijijini kwao. Kabla serikali ya Kenya haijawagawia wahudumu wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na simu mnamo 2023, mama huyo alikuwa akienda nyumba kwa nyumba na rejista ya karatasi, na mwanawe alikua akimwona akiijaza usiku kwa taa. Kauli yake ilikuwa moja: kisichoandikwa hakikutokea.

Ili kufahamu uzito wa daftari lile mahali pale, hapana budi kuitazama historia ya jina la mahali penyewe. The Pearl, yaani Lulu, ni kisiwa kilichotengenezwa kwa kufukia bahari, chenye eneo la karibu mita za mraba milioni 4 na kilomita 32 za ufuo mpya. Jina lake linakumbusha uchumi ulioilisha Qatar kabla ya mafuta, uchumi wa majahazi ya wazamiaji lulu. Msimu wao mkuu ulichukua karibu miezi minne ya kiangazi na kuishia Septemba, yaani miezi ile ile ambayo leo mlinzi huyu anaiogopa. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akaning'iniza kikapu shingoni, akateremka kwa pumzi moja, na juu alimwacha mvutaji kamba aliyekabidhiwa uhai wake. Ngoma za masikio zilipasuka. Macho yaliharibiwa na chumvi. Na miongoni mwa watu hao walikuwamo watumwa wengi waliotoka Afrika Mashariki, ambao habari zao zinaelezwa leo katika Nyumba ya Bin Jelmood, mtaa wa Msheireb, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2015. Utumwa ulipigwa marufuku nchini Qatar mwaka 1952, wakati ambapo lulu zilizokuzwa Japani zilikuwa zimekwisha kuuangusha uzamiaji na mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa.

Majahazi hayo hayakukosa daftari. Nahodha aliandika mkopo aliompa mzamiaji kabla ya msimu, mchele na tende zilizoliwa safarini, na sehemu ya mapato iliyokatwa. Mara nyingi mizani iliishia kwenye deni, na deni lilimfunga mtu kwa jahazi lile lile mwaka uliofuata. Nchini Bahrain, katika miaka ya 1920, mojawapo ya marekebisho yaliyoletwa katika biashara hiyo ni kwamba mzamiaji naye awe na daftari lake la hesabu, ili asitegemee la nahodha peke yake. Hata hivyo, katika madaftari yote mawili kilichohesabiwa kilikuwa fedha. Hapakuwa na safu ya masikio, wala ya macho. Daftari la kijana wa Kilifi lina safu iliyokosekana kwa karne nyingi, ile aliyoiandika juu yake neno moja tu: mwili.

Binti aliomba ruhusa ya kulinakili, na hapo ndipo masomo yake ya kompyuta yalipoanza kwa kweli. Aligundua kwamba maandishi ya binadamu hayaingii kwenye jedwali kama maji kwenye mtungi. Siku nyingine maji yalihesabiwa kwa vikombe, nyingine kwa chupa, nyingine yaliandikwa "kidogo". Ilimbidi aulize kikombe kipi, chupa ya ukubwa gani, na kidogo ni kiasi gani. Watu wa fani huita kazi hiyo kusafisha data, kana kwamba kuna uchafu. Kwake yeye ilikuwa kazi ya kumsikiliza mtu mara ya pili, akiwa na subira zaidi ya mara ya kwanza.

Tatizo kubwa lilimjia bila kutarajiwa. Alitaka kulinganisha maumivu ya kichwa na kizunguzungu cha mlinzi na vipimo vya hewa vilivyorekodiwa Doha kila saa, basi akaandika programu fupi ya kuoanisha majedwali mawili kwa tarehe na saa. Matokeo hayakuwa na kichwa wala miguu. Kompyuta ilidai kwamba mlinzi huumwa zaidi saa nane za usiku, wakati ambapo hewa imeanza kupoa, tena katika saa ambazo kwa kawaida huwa amekwisha kupokewa zamu. Alirudia programu, akabadili kanuni, akatafuta kosa kwenye msimbo siku mbili nzima. Mama yake ndiye aliyeliona, alipopita nyuma yake na kikombe cha chai. Alisoma daftari, si kompyuta.

"Huyu kaandika saa 2," alisema. "Saa mbili yetu, mwanangu. Saa mbili ya usiku."

Kompyuta ilikuwa imesoma 2 kama saa mbili baada ya usiku wa manane, kwa hesabu ya Kizungu. Mlinzi alikuwa ameandika kama waandikavyo watu wa pwani yote ya Waswahili, ambao siku yao huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na usiku wao linapotua. Zamani hata Waarabu wa Ghuba walihesabu saa zao tangu machweo, na nahodha wa majahazi ya lulu angelisoma daftari lile bila kukosea. Mashine peke yake ndiyo iliyohitaji kufundishwa. Binti aliongeza saa 6 kwa saa za mchana na kwa zile za jioni akaongeza 18, akaiendesha programu upya, na jedwali likazungumza: saa mbaya zaidi kwa mlinzi zilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku, kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba.

Jambo hilo lilimshangaza, maana mtu yeyote hudhani kwamba adui ni jua la adhuhuri. Sheria nayo huanzia hapo. Uamuzi wa Waziri Na. 17 wa mwaka 2021 umekataza kazi za nje nchini Qatar kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Lakini sheria hiyo ina kifungu kingine kisichotajwa sana: kazi isimame saa yoyote ile ikiwa kipimo fulani cha joto kimevuka nyuzi 32.1. Kipimo hicho si kile kinachosomwa kwenye simu. Sehemu 7 katika 10 za uzito wake hutoka kwenye kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi, ambacho hupoa kadiri maji yanavyoweza kukauka, sawasawa na ngozi ya binadamu inavyopoa kwa jasho. Hewa ikishiba unyevu, kitambaa hakikauki, na jasho nalo hutiririka bure. Binti alipofanya hesabu mwenyewe aliona kwamba kivulini, nyuzi 43 za Juni zenye hewa kavu ya upepo wa shamali hutoa kipimo cha takriban 27, ilhali nyuzi 34 za usiku wa Septemba zenye unyevu wa asilimia 80 hutoa karibu 32.

Kilichobaki ni kustaajabia safu ya tatu ya daftari. Mlinzi hakuwa na kipimajoto cha aina yoyote. Chini ya "hali ya hewa" alikuwa akiandika neno moja kati ya matatu: jua, joto, au fukuto. Neno fukuto lilikuwa limeandikwa karibu katika kila siku ambayo hesabu ya binti ilipanda. Mtu wa Kilifi, kama wa Unguja au Tanga, halihitaji jedwali ili kutofautisha jua linalochoma na hewa nzito ya kabla ya mvua inayomlemea mtu akiwa ameketi tu. Lugha yake ilikwisha kumpa kipimo. Programu ya kwanza ya binti, ile ya glasi inayojaa na kupungua, iliandikwa kwa Kiingereza na ilijua neno moja tu la joto. Ya pili ilianza kwa kuuliza: leo ni jua, ni joto, au ni fukuto?

Ilipofika zamu ya safu ya mwili, mlinzi alisita. Aliuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amelitia kwenye maelekezo ya zoezi.

"Na hii nani ataiona?"

Swali halikuwa la bure. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mtu nchini Qatar alitakiwa kuwa na programu ya EHTERAZ kwenye simu yake, na bila rangi ya kijani hakuingia dukani wala kazini. Mwezi wa Mei mwaka huo, shirika la Amnesty International lilitangaza kwamba limegundua dosari ya usalama iliyoacha wazi taarifa za watu zaidi ya milioni moja. Dosari ilirekebishwa upesi, lakini somo lilibaki kwa wenye kuhofia: afya ya mtu ikiingia kwenye mashine, haijulikani itatokea wapi. Kwa mfanyakazi ambaye kibali chake cha kukaa nchini kimefungamana na kazi yake, kuandika "kizunguzungu" mara tano kwa mwezi ni kujiandikia hati ya kurudishwa nyumbani. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanye nini yule ambaye akiyafichua ataumbuliwa na mkataba.

Hivyo binti alilazimika kujifunza mambo ambayo mpango wa masomo ungeyaweka mwaka wa tatu wa chuo kikuu: kuhifadhi taarifa ndani ya simu yenyewe pasipo kuzituma popote, kuzifunga kwa nenosiri, kutenga jina na maumivu, na kufuta kabisa pale mwenyewe anapotaka kufuta. Alijifunza kwa haraka kwa kuwa alijua ni nani atakayeumia akikosea. Mtu huyo alimpita kila siku akienda shule.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa na wote wanaobuni mashindano na mafunzo ya kidijitali kwa vijana. Mara nyingi zoezi huanza na chombo, ikiwa ni lugha ya programu, simu, au akili bandia, kisha kijana hutumwa kutafuta ugonjwa utakaokifaa chombo hicho. Mfano mzuri wa njia ya kinyume ulitoka Uganda. Mwaka 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, akiwemo Brian Gitta, walianza kutengeneza kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Gitta mwenyewe alikuwa ameugua na kudungwa sindano mara kadhaa kabla ya ugonjwa wake kutambuliwa. Kifaa kilibana kidole, kikapitisha mwanga mwekundu, na kupeleka matokeo kwenye simu au kompyuta. Mwaka 2018 kiliwapatia Tuzo ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wakati huo kilikuwa bado kwenye majaribio, na kupata tuzo si sawa na kumponya mgonjwa. Lakini vijana hao walikuwa tayari wamejifunza fizikia ya mwanga, biolojia ya chembe nyekundu na uandishi wa programu, kwa sababu kidole kilichochomwa kilikuwa chao. Na kifaa walikipa jina la Kiswahili, Matibabu, ingawa Makerere ni nchi ya Kiganda na Kiingereza.

Ya The Pearl hayakufika kwenye tuzo yoyote. Siku ya kuonyesha kazi shuleni, waamuzi walisifu mchoro wa jedwali, wakauliza programu itawafaa watumiaji wangapi. Binti alijibu kwamba kwa sasa watumiaji ni 6, wote walinzi wa zamu ya jioni, wanne wao wakijua Kiswahili. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa programu ya usingizi, ambayo kwa haki ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Wiki iliyofuata, mlinzi aliomba jedwali lichapwe kwenye karatasi. Alitaka nambari tu, bila jina la mtu: saa, unyevu, kipimo, na idadi ya walinzi waliosikia kizunguzungu usiku ule. Binti alimtahadharisha kwamba watu 6 ni wachache mno, na mwenye kutaka kumjua mhusika ataweza kumkisia. Walishauriana kibarazani, mama wa binti akiwapo. Mlinzi alisikiliza, akafikiri, akasema ataipeleka hivyo hivyo, kwa hiari yake, kwa kuwa karatasi hii angalau ameiandika yeye. Aliikunja mara mbili na kumpa msimamizi wa zamu mwanzoni mwa kazi.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Hakusema neno, na karatasi hakuirudisha. Siku nne zilipita, na kwa siku hizo nne binti hakuwa na usingizi wa kuhesabiwa na programu ya yeyote. Siku ya tano paliletwa langoni pipa la maji baridi na kiti cha pili, na walinzi wakaambiwa wapokezane kila nusu saa baada ya magharibi. Hakuna aliyeeleza sababu. Huenda ilikuwa karatasi, au hofu ya ukaguzi, au msimamizi mwenyewe alikuwa amewahi kusimama langoni.

Mlinzi anaijaza programu kila usiku, na bado analijaza daftari. Binti alipomuuliza kwa nini anafanya kazi mara mbili, alisema simu huisha chaji. Kisha akaongeza kwamba mwezi wa Disemba anatarajia likizo, na daftari analipeleka Kilifi, mama yake akalisome.